Kulipia Umeme na Maji kwa Benki ya Mtandaoni: Maelezo kwa Kaya za Tanga

Mkazi wa Makorora au Chumbageni mwenye akaunti ya benki hana tena sababu ya kupanga foleni ili alipie maji au umeme, kwa kuwa benki zenye wateja wengi, kama CRDB, NMB na NBC, hupokea malipo hayo kupitia programu ya simu, tovuti, au menyu ya simu ya kawaida isiyohitaji intaneti. Kujisajili hakuchukui muda mrefu. Hakikisha tu kwamba laini ya simu iliyoandikishwa benki ndiyo unayoitumia, kwani ndiyo itakayopokea namba za uthibitisho.

Fedha kutoka kwenye akaunti ni sehemu rahisi ya kazi hii. Ugumu wote uko katika namba unayolipia. Kwa umeme wa LUKU, yaani unaolipiwa kabla ya kutumika, namba hiyo ni ya mita, nayo ina tarakimu 11. Kwa ankara ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, kama ilivyo kwa malipo mengi ya taasisi za Serikali, utahitaji namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi wetu huiita kontroli namba: tarakimu 12 zinazoanza na 99. Inakili kutoka kwenye ujumbe wa ankara badala ya kuiandika kwa kukumbuka, na uangalie kama muda wake wa matumizi haujapita.

Ukishaingia kwenye programu, chagua sehemu ya kulipia ankara, kisha huduma unayoitaka, uandike namba na kiasi. Kabla ya kuweka namba ya siri, benki huonyesha muhtasari wa malipo, na mara nyingi jina la mteja aliyesajiliwa huwa ndani yake. Hapo ndipo pa kutulia, na kwa maoni yangu hakuna hatua inayostahili muda zaidi ya hiyo. Katika nyumba nyingi za urithi, kwa mfano kule Ngamiani, mita bado imeandikwa jina la marehemu babu au la mwenye nyumba wa zamani. Kwa hiyo ulizia mapema jina lililosajiliwa, ili ukiliona usishtuke, na ukiona jingine usiendelee. Vivyo hivyo, anayelipia nyumba yake na ya wazazi wake azihifadhi namba hizo kwa majina yanayotofautiana waziwazi, maana kuchagua mita isiyo yako ni rahisi kuliko kurudishiwa fedha zako.

Baada ya kununua umeme utapokea tokeni ya tarakimu 20 ya kuingiza kwenye mita. Usishangae ukiona uniti chache katika ununuzi wa kwanza wa mwezi, kwa sababu tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, nayo kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023. Miezi usiyonunua hujilimbikiza. Kodi hiyo kimsingi ni ya mwenye nyumba, basi mpangaji ahifadhi risiti na wazungumze juu ya marejesho yake.

Kuhusu usalama, namba ya siri na namba za uthibitisho hapewi mtu, hata akijitambulisha kuwa ni ofisa wa benki. Ujumbe wa kitapeli wa aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii" umezoeleka mno nchini. Unaweza kuupeleka, pamoja na namba iliyoutuma, kwenda 15040. Simu ikipotea, iarifu benki kwanza, kisha mtandao wa simu, na mengine yafuate.

Ikitokea fedha zimekatwa kwenye akaunti lakini tokeni haijafika, usilipe mara ya pili. Fungua taarifa fupi ya akaunti ndani ya programu, utazame kama muamala umekamilika au umerejeshwa, kisha unakili namba ya muamala na uwapigie huduma kwa wateja wa benki, au ufike tawini ukiwa na namba hiyo pamoja na namba ya mita. Benki ikithibitisha kuwa fedha zilishafika TANESCO, shirika la umeme, basi TANESCO ndiyo itakayotoa tokeni, na huko pia watakuuliza namba ya mita, kiasi na tarehe ya malipo.