Kununua vito Chania, Krete: mwongozo wa sonara

Mimi ni sonara, na ninamwandikia mtu anayekwenda kisiwa cha Krete, Ugiriki, akitaka kurudi na kidani, pete au hereni zilizotengenezwa kwa mkono. Manunuzi utayafanya Chania, mji wenye bandari ya kale ya Wavenisi, lakini safari ianzie kwingine.

Hatua ya 1: Pitia kwanza makumbusho ya akiolojia ya Heraklion, mji mkuu wa Krete

Humo kuna kidani kilichofukuliwa Malia, hukohuko Krete, mwaka 1930: nyuki wawili wa dhahabu wameinamia tone la asali. Kina umri wa zaidi ya miaka 3,500 na upana usiozidi sentimita 5. Simama mbele yake kwa muda, uangalie vichembe vya dhahabu vilivyopangwa kimoja kimoja. Mimi nina lehemu na moto wa gesi, na bado kazi ile inanipa heshima kubwa kwa yule fundi. Nakala zake utazikuta madukani kote kisiwani, na jicho lako litakuwa limeshaona asili.

Hatua ya 2: Soma muhuri

Ni nambari ndogo iliyogongwa kwenye kito: 750 ni dhahabu ya karati 18, 585 ni karati 14, na 925 ni fedha. Kitu cha rangi ya dhahabu chenye muhuri wa 925 ni fedha iliyochovywa dhahabu. Si kibaya, mradi ulipe bei ya fedha. Tazama ndani ya pete na kwenye kingo, maana ndiko mchovyo unakoanza kuchubuka. Usiitegemee sumaku: hainasi dhahabu, lakini hainasi shaba pia.

Hatua ya 3: Toa lenzi ya kukuzia

Hapa usiharakishe. Chukua nakala ya nyuki, uitazame pale kichembe kinapokutana na bamba. Kama kimeunganishwa kwa mkono, utakiona ni duara kamili, kimegusa bamba kwa sehemu ndogo tu, na chini yake pana kivuli chembamba. Kama kidani kizima kimemiminwa kwenye kalibu, vichembe vinafanana na vipele: vimezama, na mabonde kati yao yamejaa. Kisha geuza nyuma. Fundi mzuri husafisha hata upande usioonekana. Uliza “hiropiito?”, yaani kazi ya mkono, halafu uliza nani amekitengeneza na wapi. Mwenye karakana hupenda kueleza. Akianza kukuonyesha vifaa vyake, umefika mahali pazuri.

Hatua ya 4: Omba kito kipimwe uzito

Pete ya gramu 4 yenye muhuri wa 585 ina dhahabu safi gramu 2.34. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Kinachozidi hapo ni ufundi, kodi na faida ya duka. Kwa nakala ya kalibu, omba punguzo bila haya. Kwa kazi ya mkono, mimi sivutani sana. Najua siku ngapi zimeketi pale.

Hatua ya 5: Pita Skridlof

Ni kichochoro cha maduka ya ngozi, hapo hapo Chania. Kwa makubazi, chagua soli iliyoshonwa, na ukunje kiatu uone kama ngozi inapasuka. Shanga za jicho la buluu za kukinga husuda ni nafuu na zinafaa kwa zawadi. Ukiuziwa sarafu au kigae kinachodaiwa kuwa cha kale, kiache: kutoa mambo ya kale Ugiriki bila kibali ni kosa la jinai.

Hatua ya 6: Dai kodi yako

Kama makazi yako yako nje ya Umoja wa Ulaya, na manunuzi yamezidi euro 50, omba fomu ya kurudishiwa kodi kabla ya kulipa. Pasipoti uwe nayo. Duka liwe linashiriki mpango huo. Vito visafiri kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu forodha ya uwanja wa mwisho ndani ya Umoja inaweza kutaka kuviona kabla ya kugonga muhuri kwenye fomu. Ukibadilisha ndege Paris kuelekea Nairobi, muhuri huo ni wa Paris, kwa hiyo acha saa za kutosha kati ya ndege mbili.