Jinsi ya Kupanga Likizo ya Pwani ya Msumbiji kwa Msafiri Anayetoka Tanzania

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandalia watu safari za Msumbiji kutoka Dar es Salaam, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni lile la msafiri anayeihesabu nchi ile kuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, akadhani kwamba ndani ya siku kumi atatembea Maputo, ataogelea Bazaruto na kumalizia Kisiwa cha Msumbiji. Pwani ya nchi hiyo ina urefu wa takriban kilomita 2,500. Anayetaka kuimaliza yote huishia kuona viti vya mabasi na kumbi za viwanja vya ndege. Ninachokushauri ni kuchagua kipande kimoja cha pwani na kukikalia hadi wauza mkate wakuzoee.

Hatua ya kwanza: Chagua kipande chako

Kama unapenda kuzamia na kuona viumbe wa baharini, nenda mkoa wa Inhambane. Ufuko wa Tofo unajulikana kwa papa potwe na taa wakubwa, na kaskazini yake, mbele ya mji wa Vilankulo, kuna Visiwa vya Bazaruto, ambavyo bahari yake bado ina nguva. Kama unapenda jiji, kaa Maputo. Utaona kituo cha reli chenye kuba, soko kuu lililojengwa mwaka 1901, daraja la Katembe lililofunguliwa mwaka 2018, na mtaa wa Mafalala wenye nyumba za mbao na mabati, alikozaliwa mchezaji Eusébio. Jioni utakula kamba wakubwa waliochomwa kwa pilipili, ambao kule wanaitwa *camarão*.

Lakini anayeniuliza ni wapi ataona namna Ureno ilivyokutana na pwani yetu ya Waswahili, humwelekeza Kisiwa cha Msumbiji, katika mkoa wa Nampula, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inakihusu. Ni kisiwa chenye urefu wa kilomita 3 hivi na upana wa nusu kilomita. Vasco da Gama alifika hapo mwaka 1498 akakuta mji wa biashara wa Waislamu, na jina la nchi nzima linasemekana kutokana na mtawala wake, Mussa bin Bique. Wareno walikifanya makao makuu yao hadi mwaka 1898, yalipohamishiwa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Tangu mwaka 1991 kisiwa chote kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Hatua ya pili: Panga tarehe kwa kufuata pepo na mvua

Safari iwe kati ya Mei na Oktoba. Mvua huanza Novemba hivi na kuendelea hadi Aprili, na ndani ya miezi hiyo ndimo vimbunga hupiga. Kimbunga Idai kiliiharibu Beira mwezi Machi mwaka 2019, na Gombe kikaingia nchi kavu upande wa Mossuril, ng'ambo tu ya Kisiwa, mwezi Machi mwaka 2022. Niliwahi kukubali ombi la familia iliyotaka kusafiri Februari kwa sababu bei za vyumba zilikuwa chini. Walikaa siku nne ndani wakiangalia mvua, na hakuna nahodha aliyekubali kutia mashua majini. Tangu hapo sipangi tena safari za Februari, hata mteja akisisitiza.

Kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita pwani nzima. Anayekwenda Maputo mwezi Juni au Julai abebe sweta, maana usiku wa kusini una baridi asiyoitarajia mtu wa Dar. Angalia pia sikukuu, kwa kuwa benki na ofisi hufungwa: tarehe 25 Juni ni siku ya uhuru wa mwaka 1975, na tarehe 3 Februari ni siku ya mashujaa, kumbukumbu ya Eduardo Mondlane, kiongozi wa harakati za uhuru, aliyeuawa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1969.

Hatua ya tatu: Amua njia kwa kuzingatia usalama

Kwenye ramani, njia fupi ni kushuka Mtwara, kuvuka Mto Ruvuma kwa Daraja la Umoja na kuendelea kusini kwa barabara. Njia hiyo simwelekezi mtalii. Mkoa wa Cabo Delgado umekuwa na mashambulizi ya wapiganaji tangu Oktoba 2017, na kwa nyakati kadhaa yamevuka Mto Lúrio hadi wilaya za kaskazini mwa Nampula. Kwa sababu hiyo hiyo nimeacha kupeleka watu Kisiwa cha Ibo, kilicho katika mkoa huo huo, mahali ninapopapenda sana. Nenda kwa ndege hadi Nampula au Nacala, hata kama itakubidi kubadilisha ndege mahali pengine, na wiki moja kabla ya kuondoka piga simu kwa mwenye nyumba ya wageni umuulize hali ya barabara. Yeye atakuambia mambo ambayo hayajafika kwenye taarifa za habari.

Hatua ya nne: Hati, fedha na simu

Mwenye pasi ya Tanzania haombi viza kwa ziara fupi, ila ahesabu siku alizoandikiwa kwenye muhuri na asizipitishe. Wenye pasi za nchi nyingine waulize ubalozini mapema. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, dawa za kinga ya malaria na chandarua kama una mashaka na chumba. Polisi wanaweza kukutaka kitambulisho barabarani wakati wowote, kwa hiyo tembea na nakala ya pasi iliyothibitishwa na mwanasheria, na pasi yenyewe iache mahali salama.

Fedha ya huko ni metical, na kwa wingi husema *meticais*. Kisiwani usitegemee mashine ya kutolea fedha, toa za kutosha ukiwa Nampula. M-Pesa ipo, lakini ni akaunti ya mtandao wa huko, hivyo salio lako la nyumbani usilihesabu. Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi zao, nunua adapta kabla ya kuondoka.

Hatua ya tano: Rekebisha saa yako mara mbili

Hatua hii naiomba isirukwe. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Zaidi ya hapo, wao huhesabu saa kwa namna ya Kireno, kuanzia usiku wa manane, wakati sisi huanza na mapambazuko. Katika mwaka wangu wa kwanza nilipigiwa simu kutoka Nampula na kijana anayejua Kiswahili kidogo, akaniambia kwamba gari la Kisiwani litaondoka "saa nne". Niliwaambia wageni wangu wanywe chai kwanza. Walipofika kituoni gari lilikuwa limeshaondoka zamani, kwa sababu kijana alikuwa ametafsiri *às quatro* neno kwa neno, nayo kwetu ni saa kumi alfajiri. Magari ya abiria kule, yanayoitwa *chapa*, huondoka gizani kweli. Kila saa unayopewa iandike kwa tarakimu, 04:00, kisha umwonyeshe aliyekupa aithibitishe.

Kuhusu lugha, jifunze salamu za Kireno na uzitumie kabla ya kuuliza jambo lolote: *bom dia* asubuhi, *boa tarde* mchana, *com licença* unapopita mbele ya mtu. Maneno mengine unayo tayari, kwa maana meza, bendera, leso, mvinyo na karata yote tuliyapokea kutoka kwao. Wamakua wa Nampula husalimiana kwa "salama", na asante yao ni *koxukhuru*, neno ambalo sikio la Mswahili halihitaji kulitafsiri.

Hatua ya sita: Zigawe siku za Kisiwani

Kutoka Nampula ni kilomita 180 hivi, ukipitia Monapo. Mwisho wa safari kuna daraja jembamba la zaidi ya kilomita 3, la njia moja, lenye sehemu za kupishana. Dereva hutazama mbele, akiona gari linakuja anajibana pembeni kusubiri. Kaa upande wa dirisha. Maji yakiwa yametoka utaona wanawake wameinama kwenye mchanga wakichokoa chaza, ndoo zikiwa kichwani.

Siku ya kwanza tembea Mji wa Mawe, upande wa kaskazini, hadi ngome ya São Sebastião, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1558 na ambayo Waholanzi walishindwa kuiteka mwaka 1607 na tena mwaka 1608. Nyuma yake, kwenye ncha ya kisiwa, kuna kanisa dogo la mwaka 1522 linalohesabiwa kuwa jengo kongwe zaidi la Wazungu katika nusu ya kusini ya dunia. Nenda asubuhi, kwa sababu kivuli ni kidogo na adhuhuri watu wote hujifungia ndani kwa chakula cha mchana kirefu cha Kireno.

Siku ya pili nenda upande wa kusini, Mji wa Macuti, jina litokanalo na makuti yale yale tunayoezekea. Mawe ya mji wa matajiri yalichimbwa hapa, kwa hiyo mtaa umebaki shimoni, na ukisimama barabarani unatazama mapaa kutoka juu huku moshi wa majiko ukipanda miguuni pako. Wengi wa wakazi wa Kisiwa wanaishi humo. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa ya wanawake waliojipaka *mussiro*, dawa nyeupe ya uso itokanayo na mti. Ukisikia matari, ulizia *tufo*, ngoma ya akina mama iliyo ndugu wa dufu letu.

Asubuhi kula mkate wa Kireno ukiwa bado wa moto, na mchana agiza *matapa*, ambayo ni kisamvu cha nazi na karanga. Mwenye kuagiza chakula aagize muda wa saa mbili kabla ya kula, kwa kuwa mpishi huenda sokoni baada ya kukusikia.

Siku ya tatu iache kwa mashua ya kwenda Cabaceira, kijiji cha ng'ambo upande wa bara, au kisiwa kidogo cha Goa, na bei ukubaliane na nahodha jioni ya kuamkia safari. Yeye ndiye atakayekutajia saa ya kuondoka kulingana na maji kujaa na kupwa. Siku ya kurudi usiunganishe gari la Kisiwani na ndege ya siku hiyo hiyo. Lala Nampula usiku mmoja, uende uwanjani asubuhi.