Mgonjwa katoka kiharusi, umpime akili kwa kipimo gani?

Kabla hujauliza kipimo kipi bora, angalia kiharusi kimemchukulia nini mgonjwa wako, maana hivi vipimo vingi vinataka mtu aongee, ashike kalamu na aone karatasi yote, na mambo hayo matatu ndo kiharusi huyaharibu mara nyingi.

MMSE (Mini-Mental State Examination) ndo kipimo kikongwe, cha 1975, alama 30. Kwa stroku mi siiamini sana. Inauliza tarehe, inamtaka mtu atoe saba saba kuanzia 100, ila uwezo wa kupanga mambo haiugusi kabisa, kwa hiyo mama anaweza kupata 28 afu akirudi nyumbani hajui aanze kubandika maji au kumenya ndizi.

Mama kama huyo, MoCA (Montreal Cognitive Assessment) inaweza kumnasa. Ya 2005, nayo alama 30, dakika kama 10, kawaida ni 26 kwenda juu, kuna kuchora saa, kuchora mchemraba, kuunganisha namba na herufi. Shida sasa ni mzee aliyeishia darasa la nne, unamwongeza ile alama moja ya kusoma miaka 12 au pungufu, lakini mchemraba utamshinda tu kwa sababu hajawahi kuchora kitu maishani, si ugonjwa huo!

OCS (Oxford Cognitive Screen) ilitengenezwa kwa ajili ya kiharusi chenyewe. Inachukua dakika 15 hadi 20, haina jumla ya alama, kila eneo linasomwa peke yake, na asiyeweza kuongea sehemu nyingi anaonyesha kwa kidole. Kuna karatasi ya mioyo anayotakiwa kukata mizima tu, ukiona kaacha yote ya kushoto basi ubongo wake hauutambui upande huo, ndo yule anayekula ubwabwa nusu sahani anasema amemaliza.

Na kuna IDEA, iliyofanyiwa kazi kule Hai, Kilimanjaro. Ni ya dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, hasa uzeeni), si ya kiharusi, ila inatumia njiti za kiberiti badala ya kalamu, kwa asiyesoma inafaa.

Ukishachagua, mvalishe miwani yake, zima tivii, na wifi anayemjibia mwombe kistaarabu akae nje. Siku akiwa amechanganyikiwa na homa, acha. Kilichomshinda andika na sababu, mkono au macho au lugha. Ukija kumpima tena baadaye tumia kilekile, usije ukachukua MMSE 25 ya mwanzo ukailinganisha na MoCA 21 ukawaambia ndugu kashuka.