Jinsi ya kuiangalia tena filamu iliyokutisha utotoni

Yangu ni Living in Bondage, ya Nigeria, 1992. Niliiona Mwanza kwenye deki ya mjomba, nikiwa sielewi Kiigbo wala maandishi ya Kiingereza pale chini. Miaka mingi sikuthubutu kwenda choo cha uani usiku: Merit, mke aliyetolewa kafara na mumewe Andy ili atajirike, mzimu wake unamrudia.

Anza mchana, madirisha wazi, pamoja na mtu mliyeiona naye. Mimi nilimwita dada. Kabla ya kuwasha, kila mmoja asimulie anachokumbuka. Utashangaa mengine mliyatunga wenyewe.

Kikifika kipande chenyewe, zima sauti kabisa. Hapa ndipo penye kazi. Muziki ukiondoka, unaanza kuona taa, kuta, waigizaji. Kisha kirudie na sauti yake. Nilipofanya hivyo niligundua sikuwa nikimwogopa Merit. Niliogopa kwamba aliyemtoa ni mumewe, mtu ambaye Merit alimpikia chakula kila siku. Hilo bado linanitetemesha, na sioni haja ya kulifukuza.

Watoto wakiwepo, waambie mapema kitakachotokea, na wakae katikati yenu.