Kulala Zigi, pembeni mwa mto

Suruali ya jinzi iache nyumbani. Mimi safari ya kwanza niliifua Ijumaa, na Jumapili nikarudi nayo Tanga ikiwa bado inachuruzika. Katika msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara, nguo haikauki, inaning'inia tu. Beba khanga tatu, yeboyebo za kuogea, raba kuukuu za kutembelea, na kiberiti ukifunge kwenye mfuko wa nailoni.

Panda gari hadi Muheza kwanza. Pale sokoni nunua mkate, betri za tochi na machungwa, kisha subiri basi la Amani linaloondoka mchana. Ukilikosa zipo bodaboda, lakini kama mvua imenyesha, ule udongo mwekundu utakufundisha adabu. Ni kama kilomita 25 hadi Zigi, kwenye lango la kuingilia msitu, na nyumba ya wageni iko papo hapo. Mpishi mwambie mapema unataka kula nini. Usitokee saa mbili usiku ukiulizia kuku. Chai omba ya iliki, maana inalimwa hukohuko milimani.

Watu hudhani Usambara yote ni baridi. Zigi iko bondeni, kuna joto na mbu wapo. Kagua chandarua kabla giza halijaingia. Mimi hutembea na sindano na uzi.

Siafu wakija usiku, usihangaike na dawa ya kupuliza. Mzee anayetunza nyumba alinikuta nimepanda juu ya kiti, nimeshika ufagio. Akasema, "Mwanangu, usiwapige. Wapishe." Tukakaa barazani mpaka wakapita, na ukoo wote wa mende wakawa wameumaliza. Kabla sijalala tena alimwaga majivu kwenye miguu ya kitanda. Asubuhi kung'uta viatu.

Sasa mto. Asubuhi maji ni maangavu, unahesabu kaa chini ya mawe, na hondohondo wanapita juu wakipiga kelele za kugombana. Ndipo mgeni anapojisahau. Zigi kunaweza kuwa na jua kali huku Amani, juu mlimani, mvua inamwagika. Kwa hiyo usiangalie anga lililo juu ya kichwa chako, angalia maji. Ukiona majani makavu na povu vinashuka, mngurumo umebadilika na maji yanaanza kufanana na chai ya maziwa, toka. Kama ulivuka ng'ambo, rudi kabla ya hapo. Mwaka mmoja, wakati wa vuli, niliacha yeboyebo juu ya jiwe nikaenda kunywa chai. Niliporudi sikuzikuta, na jiwe lenyewe sikuliona.

Kuoga, oga kwa ndoo bafuni. Sabuni usiipeleke mtoni, wala vyombo usivioshee huko. Maji haya yanateremka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka pale ndiyo yanayokwenda kwenye mabomba ya Tanga mjini. Mama yangu yuko Ngamiani, hapo hapo mjini. Povu langu lingemfuata hadi kwenye sufuria.

Naye analijua hilo. Nikimpigia simu kutoka Zigi, swali lake la kwanza si kama nimekula, ni kama huko mvua imenyesha. Nikisema ndiyo, anakata simu akajaze madumu.