Somo: Kufuata njia ya ukoma kwa mifupa na vinasaba

Assalaam alaykum. Juzi barazani Langoni, hapa Lamu, mmoja kashikilia kwamba ukoma uliletwa na majahazi ya Bara Hindi, mwingine kaapa chimbuko ni huku kwetu. Ugomvi huo hupimwa hivi.

Hatua ya 1: Fuvu. Anza puani. Ule mwiba mdogo wa mfupa chini ya tundu la pua huwa umelika, ukingo umekuwa laini, na taya la juu limerudi nyuma hata meno ya mbele yakapukutika. Kisha miguu: mifupa ya vidole huchongoka kama penseli. Lakini aliyeugua kidogo haachi alama yoyote, kwa hivyo mfupa usio na alama si ushahidi kwamba mtu hakuugua. Balathal, Rajasthan, ulipatikana mfupa wenye dalili hizi wa miaka 4,000 hivi.

Hatua ya 2: Jino. Vaa glavu, toboa, chukua unga kidogo. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Hansen huko Norway 1873, ana ganda la nta, na hudhaniwa ndilo lililohifadhi vinasaba vyake. Mwaka 2013 mabaki ya karne za kati kutoka Denmark yalitoa jenomu, yaani maandishi yote ya vinasaba vya bakteria huyo, karibu nzima.

Hatua ya 3: Makosa. Hapa ndipo penye utamu. Wajua tenzi zetu za kunakiliwa kwa mkono: mwandishi akiruka herufi, mwanafunzi wake hunakili na kosa lile. Ukipanga nakala kwa makosa, wajua ipi imetoka kwa ipi. Jenomu ya ukoma ina herufi kama milioni 3.27, nazo hubadilika polepole mno; kila badiliko ni kama kosa la mwandishi. Mwaka 2005 watafiti waliona huenda chimbuko ni Afrika Mashariki au Mashariki ya Karibu. Mwaka 2018 mifupa ya Ulaya ikaonyesha koo za bakteria huyo nyingi kuliko ilivyodhaniwa, na mambo yakachafuka tena. Yule aliyeapa barazani kaharakisha.

MASWALI

Mwanachama, Shela: Maalim, ile mifupa ya kale ya Manda na Faza iliyopimwa vinasaba, walitafuta ukoma?
Jibu: La, mwanangu. Utafiti ule wa 2023 uliuliza nasaba za watu. Ukoma ni swali lingine.

Mwanachama, Faza: Huugua binadamu tu?
Jibu: Hata kindi wekundu wa Uingereza. Wa kisiwa cha Brownsea walikutwa mwaka 2016 na ukoo wa karibu na ule wa makaburi ya kale ya Winchester.

Mwanachama, Mkomani: Kwa hivyo kindi ndiye aliyewaambukiza watu?
Jibu: Au watu walimwambukiza kindi. Nakala mbili zikifanana, hujui bado nani kamnakili mwenziwe.