Laptopu ya gemu ya mtumba na diski ya kuongezea: cha kuangalia kabla hujatoa hela

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, vijana hupanda ngazi hadi kwenye meza yangu hapa Kariakoo na laptopu walizonunua mtaa wa pili, wakitaka niwawekee gemu ya mpira. Wengi nawaambia warudi dukani haraka, risiti ingali ya moto. Haya ndiyo ninayomwambia mteja anayeniuliza kabla, mwenye kama milioni moja na kidogo mfukoni.

Hela yako iende kwanza kwenye kisichobadilika. Kwenye laptopu za gemu, kadi ya grafiki, inayochora picha za gemu, na prosesa, ubongo wa mashine, kwa kawaida huwa zimechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo utakaa nazo mpaka laptopu ife. RAM (kumbukumbu ya kazi) na SSD (diski ya kuhifadhia) utaongeza bumu, mkopo wa chuo, likitoka.

Kadi ya kuanzia ni GTX 1650 ya GB 4, iliyotoka mwaka 2019. Gemu ya mpira ya FC 24 inataka walau GTX 1050 Ti na RAM ya GB 8, kwa hiyo 1650 inaimudu. Ukikuta GTX 1660 Ti au RTX 2060, zenye GB 6, na bei haijapishana sana, kopa hata kwa dada yako. Usinunue kwa jina la laptopu tu. Acer Nitro 5 imetoka na kadi nyingi, kuanzia GTX 1050 hadi RTX 3060 na kuendelea, na kwa nje ni ndugu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, shuka hadi kwenye GPU, yaani kadi ya grafiki. Ukiona Intel UHD peke yake, grafiki ya ndani ya prosesa, hiyo ni ya kuandikia ripoti hata kama kibodi yake inawaka rangi zote.

Kuna njia ya panya ambayo mawinga wengi, madalali wa hapa, hawaijui. Laptopu za wahandisi zilizotoka maofisini Ulaya, yaani ThinkPad za herufi P, Dell Precision na HP ZBook, baadhi zina kadi ya Quadro T1000 au T2000. Hizo zimejengwa kwa chipu ya ukoo mmoja na GTX 1650, lakini kwa kuwa hazina mbwembwe, utauziwa kama mashine ya kazi. Shida yake ni nywila za ofisi. Izime, iwashe huku unabonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa ThinkPad. Ikidai nywila, iache. Muuzaji akisema fundi ataitoa, mwambie huyo fundi aitoe kwanza.

Stika ya i7 imewaliza wengi. Prosesa ya i7-7500U ina kori 2, yaani vichwa viwili vya kufanyia kazi. I5-9300H ina 4. Tafuta herufi H mwishoni, na kwa Intel usishuke chini ya kizazi cha 8 (hiyo i5-9300H ni cha 9), kwa sababu ndicho Windows 11 inachoanzia, na Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa chaja, ambayo watu huipokea bila hata kuigeuza. Laptopu ya gemu huja na chaja ya wati 120, 150, wakati mwingine 230. Winga akikupa ya wati 65 laptopu inaweza kuwaka, hata kuchaji, lakini gemu itaburuza miguu, nawe utalaumu kadi. Kama wati hazijaandikwa, zidisha volti kwa ampea: 19.5 mara 3.33 ni 65, 19.5 mara 7.7 ni 150. Na umeme ukikatika, usitegemee gemu ikimbie vilevile kwa betri.

Kabla ya kulipa, omba ichezeshwe gemu nzito kwa robo saa huku programu ya HWiNFO inaonyesha joto. Ikifika nyuzi 95 na kuanza kukwama, mara nyingi ni vumbi na pesti ya kupitishia joto iliyokauka. Kusafisha feni na kubadili pesti ni kazi ndogo, tumia hiyo kushusha bei. Lakini ukiona vidoti vya rangi au mistari kwenye kioo, huenda kadi inaumwa; usiguse.

Diski nimeiacha mwisho makusudi. Nyingi huja na SSD ya GB 256, na FC 24 peke yake inadai GB 100. Duka litakwambia wakuwekee TB 1 kwa nyongeza. Kataa kwanza, tafuta mwongozo wa modeli hiyo, uone kama kuna nafasi ya pili ya M.2, ile ya SSD nyembamba kama kijiti, au sehemu ya diski ya inchi 2.5. M.2 nazo ni mbili: SATA, inayoishia kama MB 550 kwa sekunde, na NVMe, ambayo ile ya PCIe 3.0 inaweza kufika MB 3,500. Kwenye gemu hutaihisi tofauti hiyo kama unavyohisi kuhama kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD. Kama nafasi iliyopo ni ya inchi 2.5, SSD ya SATA inakutosha kabisa. Ikiwa nafasi ni moja tu, weka kubwa, na ile ya zamani itie kwenye kasha la USB uhifadhie filamu.

Zile SSD za nje za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya flashi usizikaribie. Nimezipasua: ndani mna kadi ya kumbukumbu kama ya simu, imegandishwa kwa gundi, na chipu inayoidanganya Windows. Ukijaza kupita uwezo wake wa kweli, mafaili yanapotea kimyakimya. Programu ya H2testw huigundua kwa kuandika diski nzima na kuisoma tena, ila huchukua saa nyingi. SSD ya ndani unayoambiwa ni mpya, ifungulie programu ya CrystalDiskInfo, soma Power On Hours, yaani saa ilizokwisha kuwashwa. Mpya haina saa elfu nne.

Kwa hiyo mwambie muuzaji aandike kwenye risiti namba ya laptopu, namba ya diski, na siku ngapi unaruhusiwa kurudisha baada ya kupima. Akikataa, vuka barabara. Wanaouza hizohizo ni wengi.